Bando la GB moja, sekunde sita tu!

ACHA nianze na hesabu, msomaji wangu. Kama simu iko karibu fungua kikokotoo unifuate, maana najua wengine mtasema nawapiga fiksi.

Video ya HD kamili ina vidoti 1,920 kwenda upande na 1,080 kwenda chini. Zidisha hapo. Unapata vidoti zaidi ya milioni mbili kwenye picha moja. Kila kidoti kinataka namba tatu: moja ya rangi nyekundu, moja ya kijani, moja ya bluu. Picha moja tu iliyosimama tayari ni MB 6.2. Na video siyo picha moja bwana, ni picha 25 zinazopita mbele ya macho yako kila sekunde. Jumla MB 155 kwa sekunde. Maana yake lile bando la GB moja ulilonunua kwa kujinyima chipsi mayai lingekata roho baada ya sekunde sita na ushee. Refa kapuliza filimbi, mpira umeguswa mara mbili, ujumbe huo unaingia: mpendwa mteja, bando lako limekwisha. Mechi nzima ya dakika 90 ingekula GB 840. Ile mbaya!

Sasa mbona tunaangalia? Mshikaji wako anaangalia Simba na Yanga mwanzo mpaka mwisho kwa GB tatu na nusu hivi, na akikubali picha ya kawaida hata GB moja haimalizi. Zile GB nyingine mia nane na zaidi kazila nani?

Swali hilo niliulizwa na mjomba wangu huko kwetu Masaki. Tafadhali usianze kuniomba vocha, siyo ile Masaki ya mabalozi na upepo wa bahari. Masaki ya kwetu iko Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Unaipita Gongo la Mboto, unaipita Pugu, unafika Kisarawe mjini, halafu unaendelea ndani kwenye mihogo na mikorosho. Mjomba alikuwa anacheza bao chini ya mwembe, akaona namna ninavyoangalia mpira kwenye simu, akasema, "Wewe uliyefika mpaka kidato cha nne, hebu nieleze. Uwanja mzima umeingiaje humo?"

Nikamjibu kwa bao lake mwenyewe, na wewe nakujibu hivyo hivyo.

BAO KWA NJIA YA SIMU

Bao lina mashimo 32 na kete 64. Chukulia wazee wawili wanacheza kwa simu, mmoja yuko Masaki na mwenzake yuko Maneromango, kila mmoja na bao lake mbele. Njia ya kijinga ni hii: kila mtu akicheza anamhesabia mwenzake mashimo yote 32, hili lina kete mbili, hili tatu, hili tupu. Kabla ya raundi ya tano vocha imekwisha. Njia ya akili ni kupanga bao mara moja mwanzoni, halafu kuanzia hapo mtu anasema tu: nimeanzia shimo la tano, nakwenda kushoto. Yule wa upande wa pili anasogeza kete zake mwenyewe. Bao zima analo, hajaletewa tena.

Basi kubana video ndiyo huko, kwa sehemu kubwa. Inatangulia picha moja kamili, mimi naiita picha mama. Zinazofuata hazitumwi nzima. Mtambo unaikata picha vipande vya miraba, unatafuta kila kipande kilikuwa wapi kwenye picha iliyopita, halafu unaandika tu: kipande hiki chukua pale pale, hiki kisogeze kidogo kulia, hiki kipandishe juu. Majani ya uwanjani hayajakwenda popote, hayatumwi. Ubao wa matangazo umekaa pale pale, hautumwi. Beki kasogea hatua moja na akageuza shingo? Basi unatumwa mwendo wake, pamoja na masahihisho madogo ya shingo.

Ukishika habari ya bao utaelewa visa vingi ambavyo vimekuwa vikikuudhi siku zote. Ukibadilisha chaneli kwenye king'amuzi mbona kunakuwa giza kidogo kabla picha haijaja? Ni kwa sababu umeingia katikati ya mchezo, na huwezi kucheza mpaka mtu akuhesabie bao zima. Inabidi usubiri picha mama inayofuata. Na ile picha kuvunjika vunjika, mtangazaji anabaki na pua ya mtu aliyepita? Kuna amri moja ya kusogeza imepotea njiani. Kete zako sasa haziendani na za mwenzako, na kila hatua inayofuata inazidisha makosa mpaka bao lipangwe upya.

Utaelewa pia kwa nini msoma taarifa ya habari anaonekana safi hata mtandao ukiwa wa kuomba Mungu. Amekaa, anasogeza mdomo tu. Kiboko yake ni mvua, maji ya mto na mashabiki wanaorusha makaratasi. Hapo kila kitu kinatembea njia yake na hakuna cha kusogeza. Na video ya kigodoro usiku ndiyo baba lao, maana kamera ya simu kwenye giza inatengeneza chenga zake yenyewe, na chenga haina mpangilio. Mtambo unahangaika kutuma vumbi huku sura ya bibi harusi inageuka kuwa matofali.

KINACHOTUPWA HAKIRUDI

Mpaka hapa hatujapoteza kitu cha maana, tumeacha kurudia rudia tu. Lakini hiyo pekee haiwezi kuishusha GB 840 mpaka tatu na kitu. Lazima kitu kitupwe, na hapa ndipo napotaka utulie, maana hili ndilo lenye kuuma.

Cha kwanza kinachotupwa ni rangi. Jicho la binadamu linaona mwanga na kivuli kwa ukali sana, lakini kwenye rangi ni la kubahatisha. Basi video za kawaida zinatunza mwanga wa kila kidoti, ila rangi inaandikwa mara moja kwa vidoti vinne. Nusu ya mzigo imeondoka na wewe hujaona kitu.

Cha pili ni vitu vidogo vidogo. Ukikaa uani ukasikia mdundiko unapita mbali, unachosikia ni ngoma kubwa, njuga na manyanga hayafiki. Lakini unajua kabisa kwamba huo ni mdundiko na pengine hata unajua unaelekea kwa nani. Picha nayo inaweza kuvunjwa hivyo. Badala ya kutaja vidoti kimoja kimoja, kila kipande kinaelezwa kama mchanganyiko wa mawimbi: yale mapana yanayobadilika taratibu kama anga au shavu la mtu, na yale membamba kabisa kama nywele, nyuzi na majani. Mapana yanatunzwa vizuri. Membamba yanapewa namba za kukadiria, kama konda asiyekuwa na chenji ya hamsini, na mengi yanakadiriwa mpaka sifuri. Sifuri hailipiwi nauli.

Hesabu hiyo ya mawimbi ina mwenyewe. Nasir Ahmed, mzaliwa wa Bangalore, India, alikuwa anafundisha chuo kikuu cha jimbo la Kansas huko Marekani. Mwaka 1972 aliomba fedha za utafiti kwa ajili ya wazo hilo, akanyimwa, wazo lilionekana jepesi mno. Akaendelea nalo hivyo hivyo, na Januari 1974 akalitoa pamoja na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao. Leo picha za JPEG unazopiga, VCD, DVD, ving'amuzi na video za simu, zote zimesimama juu ya hesabu hiyo au ndugu zake. Wazo jepesi, eti!

Mwisho kabisa, kinachobaki kinaandikwa kwa mkato. Kitu kinachotokea mara nyingi kinapewa jina fupi, cha nadra kinapewa jina refu. Daladala wamefanya hivyo siku nyingi: nani anaandika Gongo la Mboto nzima kwenye kioo? G/Mboto, K/Koo, safari inaendelea.

CHENGA IMEKWENDA WAPI?

Kundi la wataalamu linaloitwa MPEG lilianza mwaka 1988, mwasisi wake mkubwa akiwa Muitaliano Leonardo Chiariglione. Kiwango chao cha kwanza, MPEG-1, ndicho kilichotuletea VCD. Waliokulia vibanda umiza wanakumbuka, muvi moja ilikuja na visahani viwili kwa sababu kimoja kilibeba dakika 74 tu, na picha yenyewe ilikuwa ya vidoti 352 kwa 288. Ukilinganisha na simu ya leo ni kama stempu ya posta. Lakini nani alijali, ngumi zilionekana! Baadaye ikaja MPEG-2 na DVD zake, halafu mwaka 2003 ikaja H.264, ambayo wengine wanaijua kama MPEG-4. Mpaka leo huyo ndiye anayebeba mzigo mkubwa.

Kwetu hapa Bongo mambo haya yaliingia sebuleni kwa kishindo usiku wa Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam. Mimi nilikuwa mtoto lakini nakumbuka kelele. Aliyekuwa na king'amuzi aliona mwaka mpya, asiyekuwa nacho aliona giza. Watu walilalamika sana, na kwa mwenye kipato kidogo kununua king'amuzi haikuwa mchezo. Ila sababu yake mojawapo ni hii hii ya kubana. Kituo kimoja cha analojia kilikuwa kinakalia masafa yake peke yake kama bosi kwenye basi la watu 60. Ukibana, kwenye nafasi hiyo hiyo vinakaa vituo hata zaidi ya kumi, na nafasi inayobaki wanapewa watu wa intaneti ya simu.

Tulichopoteza ni chenga. Zamani mawimbi yakiwa hafifu picha ilikuja na chenga, lakini ilikuja. Mmoja anapanda kushika mti wa antena, mwingine anapiga kelele dirishani, "Hapo hapo, usiachie!" Mpira unaangaliwa hivyo hivyo kama mvua ya mchanga. Siku hizi hakuna katikati. Mawimbi yakipungua kidogo king'amuzi kinajisahihishia makosa na picha inabaki safi, yakipungua kidogo zaidi inaganda, basi, hakuna cha kushika antena. Kwa sisi tuliokaa mabondeni huko Kisarawe hilo tunalijua vizuri.

Na aliyeliita hilo boksi king'amuzi nampa heko. Haletewi picha yule, analetewa dondoo, kazi yake ni kuing'amua picha kutoka kwenye dondoo. Tena viwango vyote hivi vinaeleza namna ya kung'amua tu. Namna ya kubana kila kampuni inajijua, mradi kinachotoka kinafuata kanuni. Ndiyo maana vituo viwili vinaweza kutumia kiwango kimoja, kimoja kikaonekana kama kioo na kingine kama kimefutwa na kitambaa cha jikoni. Mwenye kituo akitaka kubanana vituo vingi kwenye nafasi moja, wewe ndiye unayeangalia matofali.

VIDOLE VYA BIBI

Sasa nikwambie kwa nini nasema inauma. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa ukili. Alisuka mikeka ambayo watu walitoka mbali kuifuata. Miaka michache kabla hajatangulia, binamu yangu alimrekodi kwa simu akiwa barazani Masaki, dakika mbili, akimwonyesha dada yangu namna ya kuanza ukili wa rangi tatu. Video ikaingia grupu la ukoo. Mtu akaipakua, akaikata kidogo akaiongezea wimbo, akaiweka stetasi. Mwingine akarekodi skrini, akaituma upya. Ikazunguka mpaka kwa ndugu wa Tanga ikarudi.

Mwaka jana dada alipotaka kuanza kusuka, akaitafuta. Sura ya bibi iko vizuri tu, tabasamu lile lile. Vidole hakuna. Kuna kitu cha kahawia kinachosogea, na ukili wenyewe umekuwa uji wa rangi. Mtambo umefanya kazi yake sawa sawa: shavu ni wimbi pana, limetunzwa. Nyuzi za ukili ni mawimbi membamba, na yanatembea haraka, yamekadiriwa mpaka sifuri. Kila aliyeihariri na kuipakia upya alikibana kilichokwisha kubanwa. Hakuna programu ya kurudisha. Hizi za akili mnemba zinazojitapa kusafisha video zinabuni vidole, haziwezi kujua bibi alipitisha uzi juu au chini.

Nilipanda gari mpaka kwa shangazi. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, umekonda." Baada ya chai na muhogo nikamweleza. Akatoa kopo la vifungo, ndani yake kuna kadi ndogo ya kumbukumbu ya ile simu ya binamu, imefungwa kwenye karatasi ya daftari. Video ya kwanza kabisa ilikuwemo: MB 240 na kitu kwa dakika mbili. Ile ya grupu ilikuwa MB 7. Dada aliiangalia kwenye kompyuta, akasimamisha, akarudisha nyuma, akasimamisha tena. Uzi wa pili unapita chini. Sasa hivi ameshamaliza mkeka mmoja, siyo mzuri sana lakini ni mkeka.

Kwa hiyo mambo mawili kwa wale wenye video za wazee wao. Ukiifowadi WhatsApp kawaida, inakwenda ile ile iliyokwisha kubanwa mwanzoni, haiharibiki zaidi. Inayoua ni kuipakia upya, kuiweka stetasi na kurekodi skrini. Na ukitaka kumpelekea mtu ya kwanza kabisa bila kuminywa, itume kama dokumenti badala ya kama video. Itakula bando, najua. Lakini ile kadi kwenye kopo ndiyo mali.

SIMU YA BEI POA INACHEMKA

Viwango vipya vinakuja kila baada ya miaka kadhaa. Mwaka 2013 ilikuja HEVC, au H.265, inayotoa picha ile ile kwa karibu nusu ya mzigo wa H.264. Uchawi wenyewe ni ule ule wa bao, ila vipande vinaweza kuwa vikubwa mpaka vidoti 64 kwa 64 pale penye anga tupu, na vidogo pale penye vurugu, na mtambo una njia nyingi zaidi za kubahatisha. Mwaka 2020 ikaja VVC inayobana zaidi tena.

Tatizo la HEVC ni malipo ya hataza. Wenye haki ni wengi, kila kundi linadai chake. Wakubwa kama Google, Netflix na Amazon wakachoka, wakaunda umoja wao mwaka 2015 na mwaka 2018 wakatoa AV1 isiyodai malipo. Unaweza kusema hayo ni magomvi ya matajiri. Hapana, yanafika mpaka mfukoni kwako. Kung'amua viwango hivi vipya ni kazi nzito, na simu za bei ya juu zina sehemu maalumu ndani ya chipu kwa kazi hiyo. Simu ya bei poa isiyokuwa nayo inalazimisha ubongo wake wa kawaida kubeba mzigo: inachemka, betri inakwisha, picha inaruka ruka. Au mtandao unaona simu yako haiwezi, unakuletea ile ya zamani inayokula MB nyingi zaidi. Yaani mwenye simu ya laki moja anaweza kutumia bando kubwa kuliko mwenye simu ya milioni mbili kwa video ile ile. Hapo sina la kuongeza.

Nimebakiza moja tu, maana najua mtaniuliza. Kwa nini jirani anapiga kelele za goli wakati kwako kipa ndiyo kwanza anaweka mpira chini? Mpira wa intaneti unakatwa vipande vya sekunde kadhaa kadhaa. Kila kipande lazima kikamilike, kibanwe, kitumwe, na simu yako inaweka akiba ya vipande viwili vitatu ili isikwame. Tena mtambo wa kubana unapenda kuchungulia picha zinazokuja mbele kabla ya kuamua ya sasa iandikweje. Ukijumlisha, unachelewa hata nusu dakika. Jirani mwenye king'amuzi amekutangulia, na babu mwenye redio ya mkulima amewatangulia wote wawili, kwa sababu yeye hana picha ya kubana. Pale kwetu Gongo la Mboto vijana wa kibanda cha simu wamemwomba babu wa nyumba ya pili azime redio siku za mechi. Amekataa.

Haya, tuonane wiki ijayo.